Programu za Simu na Mazoezi ya Kusema Kiingereza kwa Watoto Wasemao Kiswahili: Mtazamo wa Isimu Linganuzi

Ikisiri

Makala hii inachunguza matumizi ya programu za simu zinazomsikiliza mtoto akisema Kiingereza na kumpa alama kwa matamshi yake. Hoja yetu ni kwamba alama ya kosa inayotolewa na programu hizo huchanganya mambo matatu yasiyofanana: kosa linalovuruga maana, lafudhi isiyovuruga maana, na udhaifu wa mashine yenyewe katika kuitambua sauti ya mtoto. Kwa kulinganua mfumo wa sauti wa Kiswahili na ule wa Kiingereza, tunaonyesha kwamba mwalimu wa Tanzania anaweza kuyatenganisha mambo hayo, na kwamba mifano ya kumsaidia mtoto imo tayari katika Kiswahili anachokijua. Mwishoni tunapendekeza utaratibu wa mazoezi ambamo programu ni chombo cha mwalimu na wala si hakimu wa mtoto.

1.0 Utangulizi

Suala la Kiingereza katika shule za Tanzania limejadiliwa kwa muda mrefu, na aghalabu mjadala huo umekuwa juu ya lugha ya kufundishia. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ilhali Kiingereza kimebaki katika sekondari. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilieleza kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa chini mno, hata lugha hiyo isiweze kubeba masomo. Makala hii haikusudii kuurudia mjadala huo. Inatosha kusema kwamba mtoto anayeingia kidato cha kwanza hutakiwa kuuliza na kujibu kwa lugha ambayo huenda ameisoma ubaoni kwa miaka kadhaa bila kuisema sana. Matokeo yake yanajulikana na kila mwalimu: darasa linanyamaza.

Katika hali hiyo si ajabu kwamba wazazi na walimu wamezipokea kwa hamu programu za simu za mazoezi ya kusema. Wazo lenyewe si geni. Shirika la Utangazaji la Uingereza lilianza vipindi vyake vya kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943, na baada ya hapo zilikuja maabara za lugha zenye kanda, ambamo mwanafunzi alisikiliza, akaiga, akajisikia. Jambo jipya katika simu ni kwamba chombo sasa hakisemi tu, bali pia husikiliza na kutoa hukumu. Redio haikuweza kumwambia mtoto kwamba amekosea. Simu inaweza. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza: inapomwambia mtoto amekosea, inamaanisha nini?

2.0 Namna Programu Inavyosikia

Programu ya matamshi hufanya kazi kwa hatua chache zinazoweza kuelezwa bila hisabati. Kwanza mtoto huonyeshwa neno au sentensi, kwa hiyo programu inajua mapema ni fonimu zipi inazozitarajia. Mtoto anaposema, sauti yake hukatwa katika vipande vifupi sana vya mawimbi, na kila kipande hupimwa sifa zake za kiakustika. Vipande hivyo hupangwa sambamba na fonimu zilizotarajiwa, kisha hukokotolewa ni kwa kiasi gani kila kipande kinafanana na kielelezo cha fonimu yake kuliko vielelezo vya fonimu nyingine. Misingi ya upimaji wa namna hii ilielezwa vizuri na Witt na Young (2000), na ingawa mbinu zimebadilika sana tangu wakati huo, mantiki ya jumla ni ileile. Tarakimu inayopatikana hulinganishwa na kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Ikikifikia, neno huonyeshwa kwa rangi ya kijani au kwa nyota. Ikipungua, huonyeshwa kwa rangi nyekundu.

Maelezo hayo mafupi yanafichua mambo mawili. La kwanza ni kwamba kielelezo cha fonimu hakitoki hewani. Hutokana na rekodi za sauti za watu fulani, na programu ikijengwa juu ya sauti za Wamarekani au Waingereza, usahihi wake ni ufanano na watu hao. La pili linahusu sauti ya mtoto. Njia ya sauti ya mtoto, yaani koo na kinywa, ni fupi kuliko ya mtu mzima. Kwa hiyo masafa ya sauti yake yako juu zaidi, na matamshi yake hubadilikabadilika hata anaporudia neno lilelile. Ndiyo maana programu zilizojengwa kwa sauti za watu wazima huwakosea watoto mara nyingi zaidi. Tukiongeza kelele za nyumba yenye watu wengi na kipaza sauti cha simu ya bei nafuu, uwezekano wa mashine kukosea unazidi kuwa mkubwa.

Hapa ndipo tatizo letu linapojitokeza. Rangi nyekundu ni moja, lakini sababu zake ni tatu: mtoto amelibadili neno likawa neno jingine, au mtoto amelitamka kwa lafudhi ya kwao huku neno likieleweka, au mtoto amesema barabara na mashine haikusikia. Programu haimwambii ni ipi kati ya hizo. Mtoto wa miaka tisa, ambaye hana namna ya kubishana na simu, huchukua zote tatu kuwa kosa lake.

3.0 Mifumo Miwili ya Sauti

Ili kuzitenganisha sababu hizo tunahitaji kuilinganua mifumo ya lugha mbili zinazohusika. Nadharia ya Lado (1957), iliyodai kwamba ugumu wa kujifunza lugha ya pili unaweza kutabiriwa kwa kuilinganisha na lugha ya kwanza, imekosolewa, na kwa haki, kwa sababu makosa mengi ya wanafunzi hayatokani na lugha ya kwanza. Hata hivyo, katika uwanja wa fonolojia ulinganuzi bado una nguvu ya kueleza mengi.

3.1 Irabu

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, ambacho kimekuwa kielelezo cha jadi katika shule zetu, huhesabiwa kuwa na irabu sahili 12 na irabu unganifu 8. Kwa hiyo irabu kadhaa za Kiingereza hulazimika kukaa katika chumba kimoja cha Kiswahili. Maneno yaliyokopwa ni ushahidi mzuri. Irabu ndefu ya neno *team* na irabu fupi ya silabi ya kwanza ya *picture* zote zimekuwa /i/ katika *timu* na *picha*. Irabu za *school* na *foot* zimekuwa /u/ katika *skuli* na *futi*. Irabu za *bus* na *card* zimekuwa /a/ katika *basi* na *kadi*. Kinyume chake pia hutokea: *shirt* na *skirt* zina irabu moja katika Kiingereza, lakini Kiswahili kimezipokea kuwa *shati* na *sketi*. Irabu hiyo haina makao katika Kiswahili, hivyo sikio la Mswahili limeipeleka safari moja kwa /a/ na safari nyingine kwa /e/.

Mtoto anayetamka *ship* na *sheep* sawasawa hafanyi uzembe basi. Anafuata kanuni ile iliyotupatia *timu* na *picha*. Lakini tofauti hiyo ina kazi katika Kiingereza, na inafaa ifundishwe. Jambo la kutia moyo ni kwamba mtoto huyo tayari anasikia tofauti inayokaribiana nayo katika lugha yake, kwani hawezi kuchanganya *kufa* na *kufaa*. Ni kweli kwamba katika *kufaa* tuna silabi mbili zenye irabu moja moja, na kwamba *ship* na *sheep* hutofautiana kwa ubora wa irabu pamoja na urefu. Hata hivyo *kufa* na *kufaa* ni mlango mzuri wa kuanzia, na mlango huo haumo katika programu yoyote isiyojua Kiswahili.

3.2 Konsonanti

Kuhusu konsonanti, Kiswahili kinampa mtoto mtaji ambao wanafunzi wa lugha nyingi duniani hawana. Sauti za mwanzo wa *think* na *this*, zinazowatesa wanafunzi wengi wa Ulaya na Asia, zimo katika Kiswahili sanifu, na tena zinabainisha maana. *Thamani* si *samani*, na *dhana* si *zana*. Vivyo hivyo /r/ na /l/: *kura* si *kula*. Mtoto anayezitofautisha jozi hizi hana shida ya kimsingi na *think* na *sink*, wala na *right* na *light*.

Lakini Tanzania ina lugha za jamii zaidi ya 100, na watoto wengi wamejifunza Kiswahili juu ya lugha nyingine. Katika baadhi ya lugha hizo tofauti ya /r/ na /l/ haibainishi maana, na sehemu nyingi za bara husikika *selasini* badala ya *thelathini*. Mtoto wa namna hii akipewa rangi nyekundu kwa neno *think*, programu imeliweka tatizo katika Kiingereza ilhali chimbuko lake liko nyuma zaidi. Mwalimu anayelijua hili ataanza na *thamani* na *samani*, na kwa zoezi moja atakuwa amezihudumia lugha mbili.

3.3 Silabi na mafungu ya konsonanti

Silabi ya kawaida ya Kiswahili huishia na irabu. Ndiyo maana *bus* imekuwa *basi*, *ticket* ikawa *tiketi*, na *driver*, yenye konsonanti mbili mwanzoni, ikapachikwa irabu na kuwa *dereva*. Kanuni hiyo hiyo humfanya mtoto aongeze /i/ mwishoni mwa maneno ya Kiingereza. Wengi huichukulia hali hii kuwa jambo dogo la lafudhi. Sisi tunaona si hivyo kila mara, kwa sababu katika Kiingereza /i/ ya mwishoni ni kiambishi kinachounda vivumishi. Mtoto anayesema *luck* kwa kuongeza irabu amesema *lucky*. *Dirt* inakuwa *dirty*, na *salt* inakuwa *salty*. Nomino imegeuka kivumishi. Hali kadhalika, mtoto anayeepa fungu la konsonanti kwa kudondosha ya mwisho hupoteza sarufi: *walked* inabaki *walk*, na wakati uliopita umetoweka.

3.4 Shadda

Katika Kiswahili shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Katika Kiingereza nafasi ya shadda hubadilika kwa neno na neno, na irabu zisizo na shadda hufifia. Hapa tena Kiswahili kinatoa mfano wa kuanzia. Mtoto anajua kwamba *barabara* yenye shadda katika silabi ya tatu ni njia ya magari, na yenye shadda katika silabi ya pili ni sawasawa kabisa. Akikumbushwa hilo, ataelewa kwa nini *record* ni nomino shadda ikiwa mwanzoni na ni kitenzi shadda ikiwa mwishoni.

4.0 Kosa Lipi ni Kosa?

Swali linalofuata ni la kigezo. Kama kigezo ni kufanana na mzawa wa London au Chicago, basi tofauti zote tulizozitaja ni makosa, na programu ina haki. Kama kigezo ni kueleweka, mambo hubadilika. Jenkins (2000), akiichunguza hali ya watu wasio wazawa wanaozungumza Kiingereza wao kwa wao, alipendekeza msingi mdogo wa matamshi unaotosha kuleta maelewano. Msingi huo unasisitiza tofauti ya urefu wa irabu, mafungu ya konsonanti mwanzoni mwa neno, na mkazo mkuu wa sentensi. Hausisitizi sauti za *think* na *this*, wala kufifia kwa irabu zisizo na shadda. Aidha, katika mafungu ya konsonanti, kuongeza irabu huathiri uelewa kidogo kuliko kudondosha konsonanti.

Pendekezo la Jenkins limepingwa na wanaohofia kwamba linashusha viwango, na hofu hiyo ipo pia miongoni mwa wazazi wetu, ambao wanajua kwamba mtoto wao atahukumiwa kwa lafudhi yake siku ya usaili wa kazi. Hatuipuuzi. Lakini ni lazima tukumbuke tunamzungumzia nani. Mtanzania atakitumia Kiingereza zaidi na Mkenya, Mganda, Mzambia, Mhindi au Mchina kuliko na mzawa wa Uingereza. Tena, muda wa mazoezi ni mchache. Dakika kumi alizotumia mtoto kufifisha irabu ya pili ya *teacher* ni dakika kumi alizonyimwa za kutenganisha *walk* na *walked*.

Kwa kuunganisha kigezo cha kueleweka na ulinganuzi wa sehemu ya 3.0, tunapata ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni tofauti zinazobeba maana au sarufi ambazo Kiswahili hakina: urefu na ubora wa irabu, konsonanti za mwishoni, na viambishi vya wakati na wingi. Hapa rangi nyekundu inafaa kuzingatiwa. Ngazi ya pili ni tofauti zilizomo katika Kiswahili sanifu lakini zisizokuwamo katika usemi wa mtoto huyu, kama /r/ na /l/. Hapa mwalimu aanzie katika Kiswahili. Ngazi ya tatu ni lafudhi: irabu zisizofifia, mapigo sawa ya silabi, kiimbo cha kwetu. Hapa mtoto aambiwe waziwazi kwamba anaeleweka, na simu iachwe iseme itakavyo.

5.0 Kutamka na Kuzungumza

Hata kama programu ingehukumu kwa haki kabisa, bado lingebaki suala la kutamka na kuzungumza, mambo ambayo hayalingani. Swain (1985), katika uchunguzi wake wa watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa, alionyesha kwamba kusikia na kusoma lugha kwa miaka mingi hakukuwatosha. Walielewa vizuri, lakini usemi wao ulibaki na mapungufu ya kisarufi kwa sababu hawakulazimishwa vya kutosha kuisema lugha mpaka ieleweke kwa usahihi. Kinachomsukuma mtoto kutafuta neno bora ni mtu aliye mbele yake asiyemwelewa na anayetaka kumwelewa. Programu inayojua mapema jibu inalolitarajia haiwezi kuwa mtu huyo.

Tuna jaribio kubwa la hapa nchini la kutufunza. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao walikuwa hawajawahi kusoma shule. Mwaka 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya kwanza ya dola milioni 10. Kabla ya jaribio zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mafanikio haya si madogo, ingawa nusu iliyobaki nayo inatuambia jambo. Hata hivyo, tusiyahamishe moja kwa moja kwenye Kiingereza cha kusema. Watoto wa Tanga walijifunza kusoma lugha iliyokuwa ikisemwa kote kuwazunguka. Kishikwambi kiliongeza maandishi juu ya usemi uliokuwapo. Anayefanya mazoezi ya Kiingereza kwa simu hana usemi huo wa kuegemea. Akizima simu, Kiingereza nacho kimezimika.

Tangu mwaka 2023 zimeenea programu za akili mnemba zinazoweza kujibu kwa sauti na kuendesha mazungumzo yasiyopangwa. Hizi zimepunguza pengo hilo, na si haki kuzikosoa kana kwamba ni kanda za zamani. Lakini zina tabia inayohitaji kuangaliwa: hujitahidi mno kumwelewa msemaji. Mtoto akisema nusu ya sentensi, hukisia nusu nyingine na kuendelea. Kwa hiyo tuna aina moja ya programu inayokataa usemi unaoeleweka, na nyingine inayokubali usemi usioeleweka. Kati ya hizo mbili bado anahitajika msikilizaji wa kweli.

6.0 Mapendekezo ya Matumizi

Tukizingatia hayo yote, tunapendekeza utaratibu ufuatao kwa mwalimu au mzazi mwenye simu moja na watoto wawili au zaidi.

Kwanza, mwalimu achague jozi mlinganuo finyu chache za ngazi ya kwanza, na kila jozi aitangulize kwa mfano wa Kiswahili pale unapopatikana: *kufa* na *kufaa* kabla ya *ship* na *sheep*, *barabara* mbili kabla ya *record* mbili.

Pili, kabla ya simu kusikiliza, asikilize mtoto mwenzake. Mmoja aseme neno, na mwenzake aelekeze kidole kwenye picha ya meli au ya kondoo. Picha isiyo sahihi ikielekezwa, msemaji ameona kwa macho yake kwamba tofauti ile ina kazi, na atairekebisha bila kuaibishwa.

Tatu, simu itumike kwa lile inaloliweza kuliko binadamu. Haichoki kurudia, haicheki, na humpa mtoto mwenye haya nafasi ya kukosea bila darasa zima kumtazama. Faida hii ni kubwa, na kwa watoto wengine ndiyo inayofungua kinywa. Ikitoa rangi nyekundu mara tatu kwa neno ambalo mwenzake alilielewa, mtoto aruhusiwe kulipita.

Nne, kila zoezi liishie kwa mazungumzo ya kweli, hata yakiwa mafupi. Utaratibu wa kutegeana vitendawili, ambao mtoto anaujua tangu nyumbani, unafaa sana: anayetega lazima aeleweke, na anayetegua lazima ajibu. Kitendawili kikigeuzwa kwa Kiingereza cha mtoto mwenyewe, hakuna mashine inayolijua jibu mapema.

Tano, sauti ya mtoto ilindwe. Programu nyingi huipeleka sauti kwenye mitambo iliyoko nje ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na sauti ya mtoto inayoweza kumtambulisha ni taarifa kama zilivyo nyingine. Programu inayofanya kazi bila intaneti ni bora kwa sababu hii, na pia kwa sababu haimli mzazi bando.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba programu ya simu haipimi Kiingereza cha mtoto peke yake. Inapima pia umbali uliopo kati ya sauti yake na sauti za watu waliorekodiwa mbali naye, pamoja na uwezo wa chombo kumsikia. Vipimo hivyo vitatu hutolewa kwa rangi moja. Kazi ya kuvitenganisha haiwezi kuachiwa mtoto, na mtengenezaji aliye ng'ambo asiyejua kwamba *thamani* si *samani* hana msingi wa kuifanya. Inabaki kazi ya mwalimu aliyesomeshwa fonolojia ya Kiswahili, na kwa hiyo ni kazi ya idara zetu. Maktaba za vyuo vikuu vyetu zina tasnifu nyingi juu ya sauti za Kiswahili na za lugha za jamii. Maarifa hayo yakiandikwa upya kama miongozo mifupi ya mazoezi, na sauti za watoto wa Afrika Mashariki zikikusanywa kwa ridhaa ya wazazi wao ili ziwe vielelezo, simu itaanza kumsikia mtoto kama alivyo. Kabla ya hapo, mtoto anayeambiwa na simu kwamba amekosea anastahili kuwa na mtu karibu naye wa kumwambia, pale inapokuwa kweli: umesema vizuri, nimekuelewa, endelea.